Sehemu ya Chini: Nzuri

"Mama Grâce, bwana yako alikuwa anafanya kazi gani kule kwetu?"

Leya, jirani wa mlango wa pili, aliuliza hivyo siku moja katika chumba cha mashine za kufulia, wakingoja nguo zikauke. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ametoka kueleza kwamba marehemu baba yake alikuwa mkuu wa shule ya misheni, na kwamba kaka yake ni daktari huko Bukavu. Kostansia alitazama suruali za mumewe zikizunguka nyuma ya kioo, zile za ghalani zenye mistari ya kung'aa, akajibu bila kufikiri sana.

"Alikuwa inspekta wa maboti. Wa Serikali. Boti haikutoka bandarini kama yeye hajaweka kashe, muhuri wake."

"Ee. Mutu mukubwa basi, donc."

"Mukubwa kabisa."

Hiyo ilikuwa mwaka 2014, mwaka wao wa kwanza Louisville, Amerika. Jumapili iliyofuata Leya alilipeleka neno kanisani, na kuanzia hapo waumini wote wa mtaa wa South End walimwita mumewe, Bahizire, Inspekta. Mwenyewe alikataa mara mbili tatu. Alisema yeye alikuwa karani tu. Walicheka, wakaona ni unyenyekevu wa mtu aliyeokoka. Mara ya nne hakukataa.

Miaka miwili baadaye, Ijumaa moja ya mwezi wa nne, Bahizire alirudi nyumbani na karatasi ya onyo mfukoni.

Pale ghalani aliendesha foklifti, lile gari dogo la kuinulia mizigo. Kila asubuhi dereva hupewa karatasi yenye visanduku kumi na vinne: breki, taa, mafuta, mnyororo wa kuinulia na vingine. Akiona kitu ni kizima, anaweka alama. Wenzake waliweka alama zote kumi na nne huku wakinywa kahawa, kabla hata ya kulikaribia gari. Bahizire alipiga magoti juu ya saruji. Alimulika chini kwa simu, akapitisha vidole kwenye mnyororo pingili moja moja, kisha akanusa mafuta. Vijana walimpita wakicheka. Msimamizi wake, kijana wa miaka ishirini na nne, alimwambia kwanza kwa mzaha, baadaye bila mzaha, kwamba malori yanangoja.

"Weka alama tu, mzee. Hakuna mtu anayesoma hiyo karatasi."

Grâce, binti yao, ndiye aliyemsomea onyo, amesimama jikoni na sare yake ya kazi, ametoka kuwaogesha wazee wa watu tangu asubuhi. Baba yake alikuwa amepoteza dakika kumi na moja za kampuni. Onyo lingine, na kazi imekwisha. Alipomaliza kutafsiri aliongeza la kwake kwa Kiingereza, kama alivyozoea akichoka, kwamba ni visanduku tu.

"Kesho watu wa Buffalo wanafika kumposa binti yako," Kostansia alisema, "na wewe unaleta karatasi ya onyo ndani ya nyumba. Si uweke alama kama wenzako?"

"Siweki alama kwa kitu sijaona."

"Tangu lini?"

Alilisema hilo vivi hivi, kama mke anavyosema akiwa anamenya viazi. Bahizire alikunja onyo mara nne, akalitia chini ya Biblia, akaenda kunawa.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, Ezéchias alifika kutoka Hilliard, kule Columbus. Alikuwa kaka wa Kostansia, mtu mnene, mwepesi wa maneno. Katika harusi za Wakongo wa Ohio hakuna aliyemshinda kwa usemaji. Alishusha kreti mbili za Fanta, akakaa, akataka kujua atasema nini kesho akiwa msemaji wao.

Kwao ndivyo ilivyo. Kabla ng'ombe hata mmoja hajatajwa, msemaji wa upande wa binti husimama na kuonyesha baba wa binti ni nani, ametoka wapi, alishika kazi gani. Kama kuna kitu cha kuonyesha, hukionyesha. Binti ambaye baba yake hana la kusemwa anatoka nyumbani kama mtu aliyeokotwa njiani.

"Sema nilikuwa karani," Bahizire alisema.

"Karani?" Ezéchias alimtazama dada yake. "Shemeji, unataka wale watu wa Buffalo, watu wa teluji, wapande gari wakicheka?"

"Hata karani usiseme. Sema nilikuwa nalima."

Kostansia aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka na bahasha ya plastiki iliyotembea nao kutoka ziwani mpaka kambini, na kutoka kambini mpaka Amerika. Ndani mlikuwa na karatasi mbili za kazi ya mumewe. Moja ilikuwa barua ya kuajiriwa. Barua hiyo ilisema karani, akairudisha chini kabisa. Ya pili ilikuwa nakala ya cheti cha usalama cha boti moja ya zamani, karatasi nene yenye muhuri wa duara na sahihi ya Bahizire. Hiyo alimpa kaka yake.

"Ndio hii," Ezéchias alisema. "Hii inaongea yenyewe."

Bahizire alitazama karatasi ile mkononi mwa shemeji yake.

"Baba wa kijana yuko wapi?" aliuliza.

"Alikufa katika vita," Ezéchias alijibu.

Bahizire hakuuliza zaidi. Watu wote walikufa katika vita. Kule kambini mtu wa ofisi ya wakimbizi alikuja na maswali yaliyopangwa, na kifo cha namna nyingine kilileta maswali mengine mia. Watu walijifunza kusema vita na kunyamaza. Bahizire naye alipoulizwa kazi yake alisema mkulima, kwa maana aliyewahi kula chumvi ya Serikali aliulizwa mara mbili.

Usiku aliomba kwa muda mrefu. Kostansia alidhani anaombea harusi.

Wageni walifika Jumamosi saa nane mchana, watatu ndani ya gari moja. Walikuwa Bagula, mposaji mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na mitano, mpole, anayefanya kazi kiwandani Tonawanda. Mama yake, Bulonza, mjane. Na shemasi Enoki wa kanisa lao, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa upande wa kijana. Viatu viliachwa mlangoni. Sebule ilikuwa na viti kumi na viwili vya kanisa, na Leya alikuwa anasaidia kugawa vinywaji. Louisville kulikuwa na jua na maua, lakini Bulonza aliingia na koti lake la Buffalo, jeusi, nene, linalofika magotini.

"Tunaona koti limeingia," Ezéchias alisema. "Tunangoja mutu aliye ndani."

Watu walicheka. Bulonza naye alicheka, kiganja mdomoni. Grâce alilipokea koti lile kwa mikono miwili, akalipeleka chumbani, na Bulonza akamfuata kwa macho, akampenda.

"Mukwe," Enoki alijibu, "kwetu teluji ikianguka asubui unachimba mulango ndio utoke. Kijana anayejua kuchimba mulango hashindwi kulisha bibi."

"Bon. Donc mulikuja kutafuta mutu wa kuwashikia jembe."

"Tulikuja kutafuta mutu wa kukaa ndani, kwenye moto. Kuchimba, sisi wenyewe."

Iliendelea hivyo, na ilikwenda vizuri. Bagula alikaa ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, lakini kila Grâce alipopita mlango wa jikoni vidole vyake vya miguu vilicheza ndani ya soksi. Kostansia aliona, akamshukuru Mungu moyoni.

Kisha Ezéchias alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Munajua munagonga kwa nani? Huyu baba munayemuona amenyamaza, musimuone hivi. Kule kwetu ziwani, bandari ile ya Wabelgiji, boti haikuondoka kama yeye hajasema iondoke. Inspekta wa Serikali. Sisemi hewa. Karatasi iko."

Alimpa Enoki cheti. Enoki aliinamisha kichwa kwa heshima, akampa Bulonza amrudishie Ezéchias.

Bulonza hakumrudishia. Alifungua pochi, akatoa miwani, akaivaa. Aliisogeza karatasi karibu na dirisha. Wote walidhani anafurahia.

"Hii kashe ni ya mwaka gani?" aliuliza.

"Hiyo ni ya mwaka elfu mbili, mama," Ezéchias alijibu. " Lakini alikaa pale miaka tisa."

"Hata elfu mbili na moja, mwezi wa kumi na moja?"

"Hata huo. Nimesema miaka tisa."

"Boti Mapendo," Bulonza alisema.

Bahizire, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatazama mikono yake, aliinua uso. Aliujua mwezi kabla haujatajwa. Aliijua hata siku boti ile ilipozama, Alhamisi, siku ya kuamkia soko.

"Mama Bagula," Enoki alisema taratibu, "tuko katika kazi ya ndoa."

"Najua kazi iliyonileta, shemasi. Nauliza huyu baba kama Mapendo aliisaini yeye."

Ezéchias alijaribu kucheka. "Bon, mambo ya zamani hayo. Boti zilikuwa mingi..."

"Hakuwa inspekta," Kostansia alisema.

Alikuwa ameshasimama. Alikwenda chumbani, akarudi na bahasha, vidole vikitafuta chini kabisa, akaitoa barua ya kuajiriwa, akaifungua mbele ya mama wa kijana kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa askari.

"Tazama, mama. Karani. Imeandikwa karani. Inspekta ni mimi nilisema. Nilisema tu, kwa watu, kwa sababu..." Macho yake yalikutana na ya Leya, aliyesimama na sinia la chupa mikononi, na hakumaliza. "Yeye hakusema. Yeye alikuwa anakataa."

Leya aliweka sinia chini polepole. Ezéchias alikaa.

Bulonza aliisoma barua yote, kisha akamwuliza Bahizire, si mkewe:

"Karani alisaini?"

"Nilisaini, mama."

"Ya Mapendo?"

"Ya Mapendo."

Bagula sasa alikuwa ameinua kichwa.

"Sema," Bulonza alisema. "Nimetoka mbali. Sema, nisikie."

Bahizire alisema kama anavyosema mtu aliyelirudia jambo peke yake kwa miaka, bila kupandisha sauti.

"Ile ofisi ilikuwa na daftari la Wabelgiji. Wakati wao walikuwa watu kumi na mumoja, na meli zilikuwa nne, zote za kampuni zao. Mitumbwi yetu hawakuiangalia, izame isizame. Wakati wangu boti zilikuwa arobaini na mbili. Kwenye karatasi tulikuwa watu watatu. Kulikuwa komiseri wa kuongoza, fundi wa kugonga mbao na mimi wa kuandika. Komiseri alikaa Kinshasa, sikuwahi kumuona hata siku moja. Fundi alikufa, hawakuleta mwingine. Nikabaki mimi na kashe."

"Na ada mulikula," alisema Enoki, ambaye kaka yake aliwahi kuwa na boti. "Kila mwaka mulipandisha."

"Ilipanda, shemasi. Mwenye boti alilipia kazi ya watu watatu, halafu akamukuta mutu mumoja na kalamu. Ile pesa ilipanda ndege. Mimi nilikaa miezi kumi na sita bila mushahara. Kama nilitaka kufika kwenye boti, mwenye boti ndiye alinipa mafuta. Samaki watoto wangu walikula ilitoka kwake."

"Donc ulinunuliwa," Bulonza alisema.

Bahizire hakubisha. "Niliwekwa hai na watu niliopaswa kuwakagua. Ita vile unataka, mama."

Hakuna aliyegusa chupa. Jikoni sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ilichemka ikagonga mfuniko, na Grâce hakwenda kuizima. Alikuwa amesimama mlangoni, anatazama kinywa cha baba yake.

"Kuona chini ya boti," Bahizire aliendelea, "ni kuivuta nchi kavu. Wanaume arobaini, kamba, magogo ya kuvingirishia, na chakula chao. Na masoko mawili yanapotea. Mwenye Mapendo aliniambia, kama unataka kuivuta, vuta na pesa yako. Nikamwambia tungoje mwezi wa kwanza, ziwa likitulia. Akasema sawa, lakini leo nipe karatasi."

"Ukamupa."

"Nikamupa."

Bulonza alivua miwani, akaishika mapajani. Alipoanza kusema alimtazama Bahizire, lakini alisema kwa ajili ya mwanawe, ambaye jambo hili hakuwahi kulisikia. Bagula siku ile alikuwa na miaka kumi, na malaria, amelala nyumbani kwa shangazi. Mtu wa namna hiyo hasafiri, na mama yake alibaki kwa ajili yake.

"Bwana yangu hakusoma. Alikuwa anauza maharagwe, hesabu anafanya kwa kichwa. Tulifika pale kwenye ngazi, akatazama ile boti, akasema, inakaa chini sana kwa maji, siipendi. Akasimama. Watu wanatusukuma, yeye anasimama tu vile. Halafu akaona karatasi, iko nyuma ya kioo kwa kapiteni. Akaniambia, wewe uliyesoma, njoo unisomee ile karatasi inasema nini."

Aliinua cheti kilichokuwa mapajani, akaweka kidole pale pale bila kutafuta.

"Nilisoma hapa. Kifaransa. Nikamwambia, sehemu ya chini: nzuri. Na kashe ya Serikali. Nikamwambia, panda, imeangaliwa. Akamuinua Nabintu, binti yetu mudogo, akamupitisha kwa mutu aliyekuwa ndani, akapanda."

"Mama," Bagula alisema.

"Miaka kumi na tano, baba. Mimi niliishia darasa la sita. Nilikaa kambini najiuliza, labda nilisoma vibaya. Labda ile neno haikuwa nzuri, ilikuwa kitu ingine, na mimi kwa kiburi cha kujua kusoma nikawapandisha watu wangu. Kule Buffalo nilitafuta kwa dikisionere, kamusi ya kanisa. Nikaona ni nzuri. Lakini nikasema labda ile siku jicho liliruka mustari."

Bahizire alitelemka kutoka kitini, akapiga magoti juu ya zulia mbele ya Bulonza, kama alivyopiga magoti kila asubuhi juu ya saruji. Hakumgusa.

"Ulitazama chini yake?" Bulonza aliuliza.

"Hapana, mama."

"Hata kugonga kwa pembeni, na mukono?"

"Sikugonga. Niliandikia mezani."

Bulonza alikubali kwa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea chenji iliyo sawa.

"Basi nilisoma vizuri," alisema.

Akaiweka karatasi juu ya kiti kilichokuwa kitupu, akainyoosha kwa kiganja isijikunje. Akasimama. Kostansia alimshika mkono, akasema mama, kula kwanza, tafadhali, hata kidogo, mumetoka mbali, na Bulonza aliutoa mkono ule kwa upole, akatembea mpaka mlangoni. Aliinama kuvaa viatu. Kimoja kilikuwa na kamba iliyojifunga fundo, akalifungua fundo lile kwa kucha, taratibu, watu wote wakimtazama mgongo. Kisha alishuka ngazi na gauni lake jepesi, akaenda kusimama kando ya gari.

Enoki alimfuata na viatu mkononi, akinong'ona sala.

Bagula alibaki. Ezéchias alifungua kifungo cha koti. Bahizire alikuwa bado chini.

"Simama, baba," Bagula alimwambia. Hakusema kwa hasira. Bahizire hakusimama.

Grâce alitoka chumbani na lile koti. Alikuwa amelikunja juu ya mikono miwili kama mtoto aliyelala. Alifika mpaka karibu, akasimama hatua moja mbele ya Bagula, wakatazamana.

"Huko njiani kutakuwa baridi," Grâce alisema. Alisema kwa Kiswahili. "Mupelekee mama yako."

Alimngoja ajibu. Leya, kule ukutani, alijifunika mdomo na kitenge.

Bagula alilipokea koti. Alilikumbatia kifuani, akamtazama Grâce, akamtazama mzee juu ya zulia, akavaa viatu bila kuvifunga, akatoka kumfuata mama yake.